Pikapu za gitaa la besi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameletwa kwangu na wapiga besi wenyewe, pamoja na magitaa yao: watu wa bendi za dansi, wa kwaya, wa taarab ya kisasa, na vijana wanaojifunza nyumbani. Karakana yangu iko Tanga, karibu na bahari, kwa hiyo utaona nazungumzia kutu kuliko fundi wa bara angezungumza. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kununua pikapu mpya. Wengi wao huondoka na pikapu zile zile, zimesafishwa, zimepandishwa milimita moja, na waya mmoja umelehemiwa upya. Kabla hujatoa pesa yako, soma kwanza sehemu za muungurumo, kimo na mita.

Pikapu ni kitu gani hasa, na inafanyaje kazi?

Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Sumaku huutia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hupanda na kushuka, na umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana uzi wa nailoni hausikiki kabisa kwenye pikapu ya sumaku, hata uupige kwa nguvu kiasi gani.

Kwenye besi ya Fender Precision, waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi, karibu na unywele wa mtu, na umezungushwa takriban mara 10,000. Mzunguko mmoja tu ukikatika, koili nzima imekatika. Hilo litatuhusu sana tukifika kwenye kutu.

Kuna aina ngapi, na besi yangu ina ipi?

Nyingi, lakini tatu ukizijua umeshajua karibu besi zote zinazopita mikononi mwetu, maana nyingine ni nakala zake. Mtengenezaji wa Marekani aitwaye Leo Fender alitoa Precision mwaka 1951 ikiwa na koili moja. Mwaka 1957 akaigawa pikapu yake vipande viwili: kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G. Vipande hivyo vimezungushwa waya kinyume kimoja na kingine, na sumaku zake pia ziko kinyume, hivyo muungurumo unaoingia kwenye kimoja unafutwa na ule wa kingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yenye pikapu mbili ndefu za koili moja moja, moja upande wa shingo na nyingine upande wa daraja, kile chuma cha chini kinachoshikilia nyuzi. Kisha mwaka 1976 kampuni ya Music Man ikatoa StingRay, nayo ni mchoro wa Leo Fender huyo huyo: hambaka (pikapu ya koili mbili zinazofutana muungurumo) moja kubwa karibu na daraja, na saketi ya betri ndani.

Ukiona vipande viwili vilivyopishana, hiyo ni familia ya Precision. Mistari miwili myembamba ni familia ya Jazz. Vile visanduku vyeusi vyenye umbo la kipande cha sabuni vinaweza kuwa na chochote ndani, huwezi kujua kwa macho.

Fundi, besi yangu inaunguruma. Pikapu imekufa?

Karibu kila mara, hapana. Pikapu iliyokufa hunyamaza au hutoa sauti dhaifu kama ya redio ya mbali. Muungurumo ni habari nyingine, na unaweza kuutafuta mwenyewe kabla hujaja kwa fundi.

Badilisha kebo kwanza. Nasema hivi kila siku na sitachoka, kwa sababu kebo ndiyo inayokanyagwa, inayokunjwa na kuazimwa.

Kisha guse nyuzi kwa kiganja. Muungurumo ukipungua, waya wa athi unaopita chini ya daraja ni mzima, na mwili wako unasaidia kukinga. Usipopungua, guse chuma cha jeki ya kebo pale inapoingia kwenye gitaa. Kama kwa jeki unapungua na kwa nyuzi haupungui, waya wa daraja umekatika au umeota kutu pale unapogusana na chuma. Hiyo ni kazi ya dakika kumi: unafungua skrubu za daraja, unakwangua ncha ya waya mpaka ing'ae, unarudisha.

Halafu simama na gitaa likiwa limewashwa, uzunguke polepole kama unayetafuta mtandao wa simu. Muungurumo ukipanda ukielekea upande mmoja na kushuka ukielekea mwingine, pikapu yako ni ya koili moja na inanasa umeme wa transfoma ya amplifaya, taa za mrija au nyaya za ukutani. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Kwenye Jazz Bass jaribu kufungua voliumu zote mbili mpaka mwisho. Besi nyingi za aina hiyo zina koili mbili zilizozungushwa kinyume, hivyo zikiwa sawa muungurumo hufutika. Ukishusha moja kidogo tu, unarudi.

Watu hunishauri, "punguza besi kwenye mikisa tu, mvumo utaisha." Fikiria jambo hili: umeme wetu wa ukutani, Tanzania na Kenya, unatikisika mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E inatikisika mara 49. Ukiukata mvumo kwa mikisa, umeikata na noti yako. Mpiga gitaa la solo anaweza kukata sauti za chini asipoteze kitu, lakini mpiga besi hana njia hiyo. Ni lazima atibu chanzo.

Nimeambiwa nikiondoa pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya, muungurumo unaisha. Ni kweli?

Unaweza kuisha. Na unaweza kuisha wewe.

Nyuzi za besi yako zimeunganishwa na daraja, daraja limeunganishwa na kebo, na kebo imeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya. Hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya na umeme ukagusa bodi yake, ile pini ndefu ya tatu ndiyo inayoupeleka ardhini na kukata fyuzi. Ukiivunja, njia inayobaki ni wewe: vidole viko kwenye nyuzi, na midomo iko kwenye kipaza sauti ambacho kimeunganishwa na mikisa yenye athi nzuri. Umeme utapita kifuani. Nimeona kamba za umeme za kumbi zikiwa na soketi za matundu mawili tu, na plagi zenye pini iliyokatwa kwa koleo. Ukikuta hivyo, usipige mpaka ibadilishwe, hata kama maharusi wako mlangoni.

Kuna kipimo rahisi. Weka mita yako kwenye volti za umeme wa ukutani, ncha moja kwenye uzi wa besi, nyingine kwenye wavu wa kipaza sauti, kabla hujavigusa vyote kwa pamoja. Ikionyesha makumi ya volti, zima, tafuta tatizo. Vyombo vyote vya jukwaani vikichota umeme kwenye soketi moja yenye athi nzuri, muungurumo mwingi hutoweka bila mtu kuhatarishwa.

Je, kuziba ndani ya gitaa kwa foili kunasaidia?

Kunasaidia kwa ule mlio wa kukwaruza wa taa, chaja za simu na vipunguza mwanga. Kwa mvumo mzito wa transfoma, hakusaidii sana, kwa sababu nguvu ya sumaku hupenya foili. Mvumo huo unahitaji koili mbili zinazofutana.

Utepe wa shaba ndio bora, kwa kuwa unashika lehemu na vipande vyake unaviunganisha vizuri. Foili ya jikoni inafanya kazi, ila haishiki lehemu, kwa hiyo waya wa athi uubane kwa skrubu na washa, na kila kipande kigusane na mwenzake chuma kwa chuma, isiwe gundi kwa gundi. Funika kwa utepe wa plastiki sehemu zote ambazo pini ya jeki inaweza kufikia. Besi zinazoletwa kwangu "zimenyamaza ghafla baada ya kuwekwa foili" karibu zote ni pini ya jeki iliyoegemea kwenye foili.

Pikapu iwe juu kiasi gani?

Hapa ndipo penye mabadiliko makubwa kuliko yote, na hayakugharimu kitu zaidi ya bisibisi.

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, ukae hapo. Pima kutoka chini ya uzi mpaka kwenye kichwa cha sumaku. Anza na milimita 3 kwa uzi wa E na milimita 2 kwa uzi wa G. Uzi mnene unahitaji nafasi zaidi kwa sababu unatikisika kwa upana na ndio wenye nguvu. Kwenye besi za familia ya Fender, kukaza skrubu kunashusha pikapu na kulegeza kunaipandisha.

Sasa usiiamini rula tena, sikiliza. Cheza uzi mmoja mmoja kwa nguvu ile ile unayopigia ukiwa na bendi. Mkono wa sebuleni na mkono wa ukumbini si mmoja. Uzi unaozidi wenzake, shusha upande wake robo mzunguko. Kwenye Jazz, ya daraja iache juu kidogo kuliko ya shingo, kwa kuwa karibu na daraja uzi hautikisiki sana. Lengo ni ukihama kutoka moja kwenda nyingine, ukubwa wa sauti usiruke.

Ikiwa karibu mno, sumaku inauvuta uzi. Utasikia noti ikiyumba, hasa juu kwenye freti ya 12 na kuendelea, na hata ukitumia tyuna, sindano haitulii. Vijana wengi hudhani shingo imepinda. Nimepokea besi ambazo zilishakazwa shingo na watu watatu tofauti kumbe pikapu ilikuwa imepandishwa mpaka karibu kugusana na uzi. Ikiwa mbali mno, unalazimika kufungua amplifaya zaidi, na kelele zote zinapanda pamoja nayo.

Ukilegeza skrubu, ikapanda skrubu peke yake na pikapu ikabaki chini, sponji iliyo chini yake imekufa. Sponji za kiwandani hugeuka unga baada ya miaka kadhaa ya joto letu. Kata kipande cha ndala ya mpira laini, ile isiyonyonya maji. Usiweke sponji ya godoro, hunyonya unyevu na kuukalisha tumboni mwa pikapu.

Nyuzi mbili zinasikika vizuri, mbili hafifu. Kwa nini?

Kama ni Precision, angalia kama kile kipande cha nyuzi mbili dhaifu kimeshuka. Kama hakijashuka, koili yake huenda imejishika yenyewe ndani. Haiwezi kuwa imekatika kabisa, kwa sababu vipande viwili vimeunganishwa kwa mfuatano: kimoja kikikatika, vyote viwili hupotea au hubaki na sauti nyembamba sana. Kama ni uzi mmoja tu ulio hafifu, badilisha uzi huo kabla ya kufungua chochote.

Nitajuaje kama pikapu imekufa kweli?

Kwa mita, hata ile ya bei rahisi ya fundi redio. Kama besi yako haina betri, huhitaji hata kuifungua. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua voliumu na toni mpaka mwisho, weka mita kwenye omu 20k, kisha upande wa pili wa kebo guse ncha ya jeki kwa waya mmoja na shingo yake kwa mwingine.

Precision nzima itakuonyesha kilo-omu 10 hivi. Jazz pikapu moja moja ni 7 mpaka 8, lakini zikiwa zimefunguliwa zote mbili utasoma karibu 4, kwa sababu ziko sambamba. Usishtuke. Mita ikizidiwa kwenye 20k, ipandishe kipimo; ukisoma karibu 250, koili imekatika na unachopima ni voliumu peke yake. Ukisoma sifuri, kuna waya unagusa athi mahali fulani, mara nyingi kwenye jeki. Namba ikirukaruka ukitikisa kebo, tatizo ni kebo au jeki, na pikapu haina kosa.

Besi ya betri haipimwi hivi. Priampu, yaani ile saketi ya betri, inasimama katikati na utasoma namba zisizo na maana.

Mimi naishi pwani. Sumaku zimeota kutu. Nifanye nini?

Swali hili laiti lingekuwa la kwanza kwa kila mtu wa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Vichwa vya sumaku za alniko (metali iliyochanganywa) vina chuma ndani yake. Jasho la mkono na upepo wa chumvi huvila taratibu. Rangi ya kutu juu haina madhara makubwa kwa sauti. Hatari ni kwamba katika pikapu za mtindo wa zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, kwa hiyo kutu inayoshuka kwenye sumaku inakutana na ule waya wa unywele. Hapo ndipo pikapu inapokufa, kimya kimya, bila mtu kuigusa.

Kutu nyepesi naitoa hivi: nyuzi zote nje, nabandika utepe wa karatasi kuzunguka kila kichwa, nasugua kwa kifutio kigumu cha kalamu, kisha vumbi lote nalinasa kwa utepe wa gundi. Sitii siki, maji, wala mafuta ya kulegeza nati. Vyote hivyo hushuka ndani, na huwezi kuvitoa tena. Baada ya kusafisha napaka tabaka moja jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya vichwa tu. Sumaku hupenya bila tabu, unyevu haupiti.

Baada ya hapo ni mazoea. Futa nyuzi na pikapu kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Usilale na gitaa kwenye begi lililolowa jasho. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, weka vitatu vinne kwenye begi na uvibadilishe. Nimeona besi iliyohifadhiwa hivyo hapa hapa pwani ikiwa na vichwa vinavyong'aa, na nyingine ya umri ule ule iliyotundikwa ukutani dirishani ikiwa imekufa pikapu zote mbili.

Naweza kusafisha freti kwa stilwulu?

Funika pikapu zote kwa utepe kwanza, kabisa, pasibaki mwanya. Nyuzinyuzi zake zitarukia sumaku na hazitatoka kwa kupuliza. Zikiingia kwenye koili hukata waya au huushikanisha. Bora utumie msasa laini wa maji.

Sauti ikiwa kubwa, pikapu inapiga mluzi. Ni nini?

Kama mluzi unaendelea hata ukizishika nyuzi zote kwa kiganja, waya wa koili umelegea na unatikisika wenyewe, kwa hiyo pikapu inafanya kazi kama kipaza sauti. Igonge taratibu kwa kucha. Ukisikia mlio huo wa kugonga kwenye spika waziwazi, ndiyo hiyo.

Dawa ni kuizamisha kwenye nta. Changanya mafungu manne ya nta ya mishumaa na fungu moja la nta ya nyuki. Ya Tabora inafaa sana. Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiweke kwenye moto wa wazi kwa sababu nta hushika moto. Pima joto: nyuzi 65 zinatosha. Ukipita 70 plastiki ya pikapu huanza kupinda. Iache mpaka viputo viishe, dakika 20 hivi, itoe, ifute, iache ipoe yenyewe. Ondoa kifuniko chake kwanza. Pikapu zilizomiminiwa gundi ngumu kiwandani hazihitaji kazi hii.

Besi yangu ya betri imeanza kukwaruza sauti.

Betri. Ni ile ya mraba ya volti 9, na saketi huwaka pale tu unapochomeka jeki. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, inaliwa usiku kucha. Chomoa kila ukimaliza, na wakati besi imewekwa muda mrefu itoe betri kabisa, maana ikivuja huharibu saketi yote.

Nataka sauti bora. Nianze kubadilisha nini?

Nyuzi. Kisha kimo cha pikapu. Kisha kebo. Kisha voliumu na toni: mkwaruzo wa "krr krr" unapozungusha huondoka kwa kisafishio cha viungo vya umeme, na ukirudi, nunua mpya za 250k. Kapasita ya toni kwa kawaida ni mikrofaradi 0.047, ukiweka 0.022 toni haitakuwa nzito sana ukiifunga. Haya yote kwa pamoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na pikapu mpya.

Ukishayafanya na bado sauti haikuridhishi, sasa tuzungumze pikapu. Sababu nzuri za kubadilisha ni hizi: koili imekufa, unahitaji kuondoa muungurumo wa koili moja, au unajua kwa masikio yako sauti unayoitaka na hii haiitoi. "Nimeambiwa ni za Kichina" si sababu. Pikapu nyingi za bei rahisi zina vichwa vya chuma na kipande cha seramiki chini badala ya alniko. Sauti yake ni kali zaidi, na mara nyingine ndiyo inayopenya ukumbini.

Nichague pikapu ipi?

Inategemea bendi yako kuliko gitaa lako. Kwenye bendi ya dansi yenye magitaa matatu, solo, rithimu na la pili la solo, mimi hupenda Precision, kwa sababu nguvu yake iko katikati na haipotei kwenye spika mbovu. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown, alirekodi kwa Precision yake ya mwaka 1962 huko Detroit, na hata leo kwenye redio ya mfukoni besi yake unaisikia. Kwa sebene, ambapo kila noti lazima iwe na ncha, Jazz inasaidia: fungua ya daraja zaidi. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, aliitegemea pikapu ya daraja ya Jazz Bass yake kuimba kama sauti ya mtu. Kwa rege fungua ya shingo, funga toni, basi.

Kwa mwenye Jazz anayesumbuliwa na muungurumo kanisani kwenye taa nyingi, zipo pikapu za umbo lile lile zenye koili mbili ndani. DiMarzio wanatengeneza Model J, na Seymour Duncan na Bartolini wana zao. Utapoteza ukali kidogo wa juu. Kwa matumizi ya kila Jumapili nadhani ni biashara nzuri.

EMG na nyingine za betri zina mvumo mdogo sana na sauti iliyonyooka. Zingatia mambo mawili: zinatumia voliumu za 25k, ambazo huja ndani ya boksi lake, na ukiziunganisha na 250k zako za zamani sauti itaruka ghafla badala ya kupanda taratibu. Pia EMG haihitaji waya wa athi wa daraja. Wenyewe wanaelekeza uondolewe, jambo ambalo baada ya yale niliyoeleza juu ya umeme nalipenda sana.

Zitaingia kwenye gitaa langu?

Pima kabla hujalipa. Jazz za mtindo wa asili zina urefu tofauti: ya daraja ni ndefu kuliko ya shingo kwa milimita 3 hivi, lakini baadhi ya besi zina matundu mawili sawa. Visanduku vya sabuni hutofautiana zaidi: kile cha EMG 35 kina milimita 89 kwa 38, cha EMG 40 kina upana ule ule na urefu wa milimita 102. Angalia pia kina cha tundu na nafasi ya betri. Kwenye besi ya nyuzi tano, hakikisha uzi wa B na wa G vyote vinapita juu ya sumaku, havipiti pembeni yake. Na tundu la voliumu: za Marekani zina shina nene linalohitaji milimita 9.5, za Asia nyingi ni nyembamba zaidi.

Naweza kuzifunga mwenyewe?

Kama unaweza kulehemu, ndiyo. Piga picha za nyaya zote kabla ya kukata chochote. Kichomeo cha wati 40 kinatosha. Chenye wati chache kuliko hapo kitakufanya ukae muda mrefu mgongoni mwa voliumu na kuiunguza. Kwangua mgongo huo kwa msasa kwanza, pasha sekunde chache, lehemu itiririke yenyewe. Usikae zaidi ya sekunde tatu kwenye waya wa pikapu. Rangi za nyaya hazifanani kati ya kampuni na kampuni, fuata mchoro uliokuja na pikapu. Funika mwili wa gitaa kwa kitambaa, tone moja la lehemu linaacha kovu la milele.

Nimebadilisha moja tu, sasa zikifunguliwa zote mbili sauti ni nyembamba kama ya bati.

Ziko kinyume. Moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti za chini zinafutana. Badilishana nyaya mbili za pikapu moja, wa sauti uende athi na wa athi uende kwenye sauti. Kwanza hakikisha waya wa athi haujashikana na kifuniko cha chuma au bamba la chini, vinginevyo bamba hilo litabeba sauti badala ya athi na litaunguruma.

Pikapu iliyokatika inaweza kusukwa upya?

Inaweza. Kabla ya hapo kagua pale waya mwembamba unapoungana na waya mnene. Pikapu nyingi hukatika hapo, na ni tone moja la lehemu. Mafundi wa kusuka mota wana mikono mizuri, lakini waya wao ni mnene kwa kazi hii, hivyo agiza wa namba 42 kwa kipimo cha AWG (ule wa milimita 0.06), na mtu atakayekubali kuhesabu mizunguko elfu kumi bila kukata. Kwa pikapu ya kawaida, mpya ni rahisi zaidi. Kwa besi ya zamani ya urithi, sukeni.

Za zamani nizifanye nini?

Zifunge kwenye kitambaa kikavu, andika ni za besi ipi na zilisoma omu ngapi, weka pamoja na skrubu zake. Mtu akitaka kununua gitaa lako siku moja, ataziuliza.